Mtani Aliyezika Watatu

Fanueli Kihwele alikuwa na ugonjwa wa kutokukaa. Ukimpa kiti, atakaa upande. Ukimpa chai, atazunguka nayo nyumba nzima mpaka ipoe, kisha alalamike kwamba imepoa. Mkewe Damari, Mnyakyusa wa Tukuyu, alikuwa amekwisha kuzoea kuongea na mgongo wake. Kwao Ilula walisema mtoto huyu alizaliwa njiani, mama yake akienda shambani, na ndiyo maana hajafika bado. Upolisi ulimfaa kwa sababu serikali ilimlipa mshahara ili atembee.

Halafu wakampandisha cheo, wakamharibia maisha. Koplo anayejua Kihehe, Kibena na Kisangu hatumwi tena doria. Anafungiwa chumbani na meza katika kituo cha Mbeya, aletewe watu awahoji. Fanueli alihoji amesimama, akienda dirishani na kurudi mlangoni, na wezi wa ng'ombe walimwogopa wakidhani ana hasira. Wala hakuwa na hasira. Alikuwa mtu mpole kupita kiasi, mwenye miguu isiyotulia.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano, mwezi wa Juni, ukungu umeuficha mlima Loleza na baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, alipoletewa Liberatus Nyoni.

Habari za mtu huyo zilikuwa zimemtangulia. Katika njia ya porini inayotoka Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu kuja Chunya, vibarua watatu walikuwa wameokotwa maiti, kila mmoja kwa wakati wake, wote wamepigwa kisogoni, wote wakiwa safarini kurudi makwao na akiba zao. Wote watatu walikuwa Wahehe. Wa mwisho alikuwa Saulo, mtoto wa shangazi yake Fanueli, ambaye walilala kitanda kimoja utotoni na kugombana kila alfajiri juu ya blanketi. Fanueli alimwambia Bwana Inspekta kwamba marehemu ni ndugu yake. Inspekta akacheka, akasema kwa Waafrika kila mtu ni ndugu, akampa kazi.

Na Inspekta alikuwa na furaha kubwa siku hiyo, maana katika furushi la Liberatus walikuta makoti matatu.

"Makoti tatu, watu tatu," alisema kwa kile Kiswahili chake. "Kazi kwisha."

Fanueli alikwenda dirishani, akarudi. Angeweza kunyamaza. Koti la kahawia lilikuwa la Saulo, kiraka cha kiwiko alikishona shangazi mwenyewe. Akinyamaza, mtu huyu anakwenda na maji. Lakini hakuwahi kujifunza kusema uongo, na umri wa kuanza ulikuwa umekwisha kupita.

"Bwana, makoti hayo ni haki yake," alisema. "Huyu ni Mngoni. Sisi na wao ni watani, tangu babu zetu walipochoka kupigana. Mhehe akifia ugenini, Mngoni ndiye anayemzika. Anachimba, anamlaza, anamwigiza pale kaburini ili waliofiwa wacheke kidogo, kisha anachukua koti lake. Hata mimi nikifa leo, Mngoni wa kwanza kufika atavaa koti langu, na mke wangu hatamwambia kitu. Wote watatu aliwazika yeye. Machimbo yote yanajua."

Uso wa Inspekta ukawa mwekundu. Aliyatazama yale makoti kama mtu aliyeuziwa ng'ombe asiye na maziwa. "Basi hakuna kitu?"

"Hakuna, Bwana."

Na kweli hakukuwa na kitu. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia, hakuna rungu wala shoka lenye damu. Inspekta alimweleza jambo ambalo Fanueli alilijua tayari: maneno ambayo mahabusu anamwambia polisi hayamfungi mtu. Jaji anataka kitu kinachoshikika, kitu kilichofichwa, ambacho mtuhumiwa mwenyewe amewaonyesha mahali kilipo. Kisipopatikana, Jumatatu hakimu atamwachia, naye atarudi Makongolosi kwa miguu yake, kwenye njia ile ile. Na bado kulikuwa na Wahehe wengi machimboni waliokuwa wanahesabu siku za kurudi nyumbani.

Sajini Bushiri, ambaye baba yake alikuja Mbeya na biashara ya nguo kutoka Kilwa, alikuwa na shauri fupi. "Nipe mimi na fimbo," alisema, "wewe nenda ukanywe chai."

"Ukimpiga atakubali hata kwamba alimuua Habili, Sajini. Tutapata wapi rungu la Kaini?"

Bushiri akasonya, akaenda yeye kunywa chai.

Basi Fanueli akaanza kuhoji, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Alipoingia mahabusu mara ya kwanza, alikuta mtu mfupi, mnene wa mabega, mwenye meno ya mbele yaliyoachana. Yule mtu akamwangalia kuanzia kofia mpaka mabuti, akatabasamu.

"Kamwene, mla mbwa," alimsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mla panya," Fanueli akajibu kabla hajajizuia.

Yalimtoka tu. Mtani akikurushia, unarudisha. Tangu siku hiyo hakupata tena kumhoji mtu yule kama mtu anavyohojiwa. Akimuuliza alikuwa wapi siku Saulo alipoondoka machimboni, Liberatus alisema alikuwa anafukuza mbwa wasiliwe na wajomba zake Fanueli, kisha aliapa kwamba hajamwona Saulo tangu Pasaka. Akimuuliza kuhusu rungu, alisema Mhehe hahitaji kupigwa rungu, ukimnyima pombe yake ya ulanzi siku mbili anajifia. Akimtisha na kitanzi, mtu yule alicheka mpaka akashika ukuta. "Sisi angalau tunangoja serikali itunyonge. Ninyi mkiudhiwa kidogo mnajitundika wenyewe!"

Na Fanueli alicheka. Hilo ndilo lililomtesa. Liberatus alikuwa mtani hodari, wa wale ambao msiba ukiwakosa unadoda. Alimwigiza Inspekta akipanda farasi ambaye hakuwapo. Alimwigiza Sajini Bushiri akisali huku akichungulia chungu cha nyama. Fanueli alicheka mpaka machozi, kisha akatoka nje, akazunguka kituo kwa hatua za haraka kama anayefukuzwa na nyuki, akijichukia. Huyu amemuua Saulo, alijiambia. Moyo wake ulikuwa na hakika, kwa jambo moja tu ambalo jaji asingelisikiliza: wale watatu hawakukimbia. Hapakuwa na dalili ya kushindana, hata vifungo vya makoti havikukatika. Nani anaweza kumpokonya Mhehe furushi lake porini, na mwenyewe akasimama anacheka? Ni mtani peke yake. Mtani akikunyang'anya, unajua atakurudishia.

Lakini moyo nao si shahidi. Je, kama alikuwa mzikaji tu, mtu mwema aliyechimbia wageni makaburi, naye Fanueli anataka kumwua kwa sababu ya uchungu wake? Wazo hilo nalo halikumwacha apumzike. Alikuwa akiamua asubuhi kwamba mtu yule ni muuaji, mchana akaamua kwamba si muuaji, jioni akarudi nyumbani akaizunguka meza ya chakula.

"Baba Sekela, kaa ule," Damari alimwambia.

"Nimekaa."

"Umesimama."

Kulikuwa na jambo jingine lililomwasha. Alipokwenda Ilula kupeleka taarifa ya kifo, kabla Liberatus hajakamatwa, shangazi Tekla hakuuliza nani ameua. Wala hakuuliza kama mtu huyo atanyongwa. Alikaa jikoni mikono imelala mapajani, akauliza neno moja. "Alikufa na njaa?"

Fanueli hakuelewa.

"Saulo alikuwa hawezi njaa," shangazi alisema. "Unajua mwenyewe. Akikosa chakula analia, mtu mzima na ndevu zake. Nataka kujua kama alikuwa amekula. Uliza huko."

Aliuliza huko. Alikwenda mpaka Makongolosi, na mtu wa mwisho kuonana na Saulo alikuwa Alinanuswe, dresa wa zahanati ya machimbo. Alinanuswe alisema asubuhi ile ya kuondoka, jiwe lilimbana Saulo mkono wa kulia akiwa peke yake anatoa vyombo vyake shimoni. Vidole vilivimba. Yeye alimfunga bendeji mpaka kwenye kiwiko, akamwambia asubiri siku mbili, lakini Saulo alikuwa na hamu ya nyumbani. Akatoka mlango wa nyuma wa zahanati, akaingia moja kwa moja kwenye njia ya porini. Je, alikuwa amekula? Dresa hakujua. Hiyo ndiyo habari aliyorudi nayo Fanueli, na aliibeba kama huzuni tu: kwamba Saulo alikwenda kufa huku mkono unamuuma. Warina asali walipomkuta, baada ya siku nyingi, fisi walikuwa wamekwisha kumharibu. Mikono yote miwili haikuwapo, koti tu lilikutwa kando, zima.

Jumapili ikafika. Kesho yake ilikuwa siku ya hakimu. Fanueli alikwenda kanisani, akasimama nyuma karibu na mlango kama kawaida yake, na mahubiri hakuyasikia. Mchana Damari alifunga ugali na maharage kwenye sahani, akafunika na kitambaa. "Mpelekee yule mtu," alisema. "Kama ni mwema, tumemkosea. Kama ni mbaya, na ale tu."

Fanueli aliingia mahabusu na sahani. Sajini Bushiri alikuwa mlangoni na funguo, anapiga miayo. Na hapo ikatokea ajabu ambayo Bushiri aliisimulia miaka mingi baadaye kuliko yote mengine: Fanueli Kihwele alikaa. Alikaa chini kwenye sakafu ya saruji, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, ametulia kabisa. Alikuwa amekata tamaa. Hakuwa na swali tena la polisi.

"Kesho unaondoka, mla panya," alisema.

"Nilikwambia."

"Mimi sikuwapo ulipomzika Saulo. Nililetewa habari tu." Akaisogeza sahani kwa Liberatus. "Wanasema ulimwigiza vizuri. Wanasema hata wasiomjua walicheka. Mimi ndugu yake sikumwona. Nina haki ya kumwona, au sina?"

Usidhani alikuwa anatega. Mimi nimemjua mtu huyu, hakuwa na akili ya mitego. Alitaka kumwona Saulo, basi, na katika dunia nzima alikuwa amebaki mtu mmoja wa kumwonyesha.

Liberatus alimtazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa bila mzaha. Mtani hawezi kukataa ombi kama hilo. Ni kama kumnyima mfiwa maji. Akavuta pumzi, akasimama, akalegeza mabega, na Saulo akaingia mle ndani.

Ule ndio mwendo wake, bega la kushoto linatangulia kana kwamba linapenya mlango mwembamba. Ile ndiyo namna yake ya kukohoa kabla ya kusema uongo mdogo. Ilikuwa ni Saulo akibishana na mpima ulanzi. Saulo akiimba wimbo wa kanisa na kusahau maneno. Bushiri mlangoni alianza kucheka kwa sauti nyembamba, tumbo likimtikisika, na Fanueli alicheka na kulia kwa pamoja, na hakujali.

"Sasa mwone anakula!" Liberatus alisema. Uso wake ulikuwa unang'aa. Msanii akishapata watu, nani wa kumzuia? Alikaa mbele ya sahani ya Damari. Akafumba macho kwa sala, jicho moja likichungulia maharage. Akasema amina kabla sala haijafika nusu. Kisha akauweka mkono wa kulia kifuani, kwa uangalifu, kama mtu anayebeba yai, akanyoosha wa kushoto, akamega tonge. Tonge likaanguka. Akamega jingine, likamkosa kinywa, likampaka maharage shavuni. Akatazama huku na huku kwa aibu, akasema kwa sauti ile ile ya Saulo, "Mnisamehe, wakubwa. Leo mimi ni mtoto."

"Astaghafirullah, kwa kushoto!" Bushiri alilia kwa kicheko, akijishika mbavu.

Fanueli naye alikuwa anacheka. Kicheko kiliendelea chenyewe muda kidogo, kisha kikamwacha.

Saulo hakuwa mtu wa mkono wa kushoto. Shangazi Tekla angemvunja vidole. Alikula kwa kushoto siku moja tu katika maisha yake, siku ambayo aliondoka zahanati kwa mlango wa nyuma. Na mtu huyu alikuwa ameapa mara kwa mara kwamba hajamwona Saulo tangu Pasaka, mpaka alipoitwa kumzika akiwa hana mikono.

"Mkono wa kulia una nini?" Fanueli aliuliza. Aliuliza polepole, bado ameketi.

"Si ile bende..." alisema Liberatus.

Hakumaliza. Alishusha macho, akautazama mkono wake uliokuwa umelala kifuani, umekunjwa kwa upole. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Bushiri aliacha kucheka. Nje kulikuwa na askari anafagia uwanja, na sauti ya ufagio ilisikika vizuri.

"Ulikuwa utani," Liberatus alisema mwishoni.

"Ndiyo. Ulikuwa utani mzuri sana."

Sasa ndipo koplo mwingine yeyote angeruka, angeita Inspekta, angeuliza rungu liko wapi. Fanueli hakuuliza rungu. Swali lililomtoka halikuwa la serikali.

"Alishiba?"

Liberatus aliushusha ule mkono kifuani. Halafu mabega yake yakashuka, na Saulo akamtoka, akabaki mtu mfupi mwenye maharage shavuni.

"Alishiba," alisema. "Nilimpikia mimi. Nilimcheka mpaka akanikasirikia, halafu akacheka na yeye. Alikomba sufuria. Akalala hapo hapo kando ya moto, hata viatu hakuvua."

Fanueli alifunika uso kwa viganja. Alimchukia mtu huyu kwa moyo wake wote, na alimshukuru, na vitu hivyo viwili vilikuwa ndani yake kwa wakati mmoja na hakujua aviweke wapi.

Asubuhi hawakwenda kwa hakimu. Walikwenda porini kwa lori la polisi, Inspekta mbele na Liberatus nyuma katikati ya Fanueli na Bushiri, na hakuna aliyetania. Mbali kidogo na njia, penye miamba na kijito kilichokauka, Liberatus aliwaonyesha jiwe la kuinua. Chini yake palikuwa na rungu, sufuria, jozi tatu za viatu, na bendeji ya Alinanuswe imekunjwa vizuri. Kwa nini aliwaonyesha, Fanueli hakuelewa kamwe. Alimuuliza wakati wa kurudi.

"Umenishika katikati ya utani," alisema Liberatus. "Ningekataa, ningekuwa nimesema uongo kaburini." Kisha akatazama miti inavyopita. "Mimi nikifa, atakayenizika ni wewe. Unajua. Sina mtani mwingine huku. Uniigize vizuri basi."

Na haikuwa hivyo, maana serikali ina makaburi yake na wazikaji wake, na ilipofika siku yenyewe, baada ya kesi na hukumu, hakuna aliyemwita Mhehe yeyote. Lakini neno lile lilikaa na Fanueli. Kuna siku Damari alimkuta uwanjani anatembea kwa mabega mapana na miguu mifupi, meno nje, peke yake. Alimwuliza anafanya nini, akasema anatafuta kuku.

Ilula alikwenda wakati wa kumaliza matanga. Watu walijaa kwa shangazi Tekla, na Wangoni wa ng'ambo ya mto walikuwa wamefika na fujo zao zote, wameficha vijiko, wamekalia kiti cha mwenye nyumba. Fanueli alikuwa amewaambia ukoo kwamba mtu wa njiani amekamatwa na amehukumiwa, basi. Hakusema ni kabila gani. Aliwatazama watoto wa shangazi wakifukuzana na mama mmoja wa Kingoni aliyevaa suruali ya Saulo, wote wakicheka, na akajua hatasema kamwe. Akisema, nani atawazika watu wao wakifia mbali?

Shangazi alikuwa jikoni, mikono imelala mapajani kama siku ile.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, shangazi."

"Uliuliza?"

"Niliuliza. Alikula, shangazi. Alikula akashiba. Alikomba sufuria."

Tekla alifumba macho. Mwili wake wote ulilegea, na machozi yakamtoka bila sauti, yale aliyokuwa ameyazuia tangu habari ilipofika. Alilia kwa raha, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Baada ya muda alijifuta kwa ncha ya kanga.

"Nani alimpikia?"

Fanueli alitazama mlango. Miguu ilikuwa inamwasha.

"Mtani, shangazi. Alikutana na mtani njiani."

"Loo," Tekla alisema, na uso wake ukang'aa. "Basi Mungu ambariki mtani huyo, na watoto wake, popote alipo. Sema amina, Fanueli."

Fanueli alisema amina. Kisha akainuka, akatoka nje, akapita katikati ya wale waliokuwa wanacheka, akaanza kutembea.